MAZUKU: HEWA INAYOTIRIRIKA KAMA MAJI

(Mazungumzo yaliyotolewa na walimu wa sayansi wa shule za kambi mbele ya Kamati ya Jamii na wageni, siku ya maadhimisho)



Kamati ilipotutaka sisi walimu wa sayansi tutoe mazungumzo ya elimu katika siku hii ya kumbukumbu, tulikaa chini ya mwembe wa shule tukabishana karibu jioni nzima. Mmoja wetu alitaka tueleze redio, jinsi sauti inavyosafiri bila waya. Mwingine alitaka satelaiti. Wa tatu, ambaye hatutamtaja kwa kuwa amekaa hapa mbele, alishikilia kwamba watu wamechoka na mambo ya angani, wanataka kuelezwa mambo ya hapa chini. Mwisho tulikubaliana tuzungumze habari ya kuku aliyekufa shimoni.

Wengi mnaikumbuka habari hiyo. Ilikuwa wakati wa masika, asubuhi, siku ya mawingu isiyo na upepo. Nyuma ya nyumba za watu palikuwa na shimo lililochimbwa kwa ajili ya choo, likaachwa kabla ya kujengewa, kina chake kama mita nne. Kwa miezi mingi watu walikuwa wakitupa humo mabua, majani ya mihogo na takataka za jikoni. Kuku wa mama mmoja akatumbukia. Hakupiga kelele nyingi. Watu walipochungulia walimwona amelala juu ya majani, mabawa yamefunguka, hatikisiki. Kijana wa mama yule, wa miaka kumi na minne hivi, akaleta ngazi ya miti, akaishusha, akaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza.

Hapo mzee mmoja aliyekuwa akipita na dumu lake la maji alilitupa dumu chini, akapiga kelele: "We mtoto, usishuke mule! Iko mazuku mule ndani!"

Sisi tuliitwa kwa sababu mzee alikuwa amemshika kijana shati na hataki kumwachia, na mama mtu anadai kuku wake. Tulifunga kibatari kwenye waya, tukakiwasha, tukakishusha polepole. (Hapo tulifanya kosa, tutalieleza mbele.) Kilipita mita ya kwanza kikiwaka vizuri. Kikapita ya pili. Kilipobaki kama kimo cha mtoto wa shule kutoka chini, mwali ukafifia, ukainuka kidogo juu ya utambi, ukazimika. Hapakuwa na upepo. Tulirudia mara tatu, na mara zote tatu kilizimika pale pale, kana kwamba shimoni mlikuwa na maji yasiyoonekana na sisi tunakichovya kibatari ndani yake.

Kuku alitolewa kwa ndoano ya waya. Hakuwa na jeraha hata moja. Lakini alikuwa kibudu, akafukiwa, na mama mwenye kuku hakufurahi hata kidogo.

Mzee yule ni mtu wa upande wa Sake, Kivu ya Kaskazini. Watu wa kati ya Goma na Sake, wanaoishi juu ya mawe meusi yaliyomwagwa na volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira, wanalijua neno mazuku tangu utoto. Kuna mabonde madogo na mashimo ya mawe ambako wazazi huwakataza watoto kupita alfajiri. Mbuzi akiingia humo hatoki. Ndege huanguka. Mbwa anayemfuata mbuzi huanguka karibu naye. Mchana kukiwa na jua na upepo, mtu anaweza kulivuka bonde hilo hilo asidhurike, akadhani wazee wanaongopa. Ni usiku na alfajiri, hewa ikiwa baridi na imetulia, ndipo linapoua. Wapo waliosema ni pepo mbaya, na sisi hatuwacheki, maana anayekuua usimwone wala usimsikie utamwita nani?

Wataalamu wa volkeno walipofika kupima, walikuta gesi inayotoka kwenye nyufa za ardhi, na hawakutafuta jina jingine. Leo katika maandishi yao, yawe ya Kifaransa au ya Kiingereza, wanaandika mazuku, vile vile tunavyosema sisi. Maneno ya Kiswahili yaliyoingia katika sayansi ya dunia si mengi, na hili limepitia kwa wachunga mbuzi.

Mwaka 1994, watu mamia ya maelfu walipovuka mpaka na kupiga mahema kuzunguka Goma, waliangukia kwenye ardhi hiyo hiyo ya mawe. Choo hakichimbiki, kaburi halichimbiki. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Katika msiba kama ule, nani angeuliza habari ya mabonde? Lakini mgeni hajui bonde lipi wenyeji hulikwepa, na sisi tulioketi hapa tunajua maana ya kulala usiku wa kwanza juu ya ardhi usiyoifahamu.

Gesi yenyewe si ngeni. Ni hewa ya ukaa, ambayo darasani tunaiita kabonidayoksaidi. Tunaitoa kifuani kila tunapopumua. Ndiyo inayotoa povu ukifungua chupa ya soda, na ndiyo inayoumua maandazi. Majani yanapooza huitoa, mizizi huitoa, udongo wenyewe huitoa. Katika hewa ya kawaida ni kidogo mno: katika sehemu 10,000 za hewa, yenyewe ni kama sehemu 4 tu. Ikifika sehemu 1 katika 10, mtu huzirai kwa dakika chache, na ikizidi sana hapo pumzi chache zinatosha. Haina rangi wala moshi. Tena ni nzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu. Kwa hiyo haipandi kama moshi wa jikoni. Hushuka, hutafuta bonde, hujaa shimoni, na ikifika ukingoni hutiririka.

Tazameni kidogo. Mwanafunzi wetu ana jagi. Ametia magadi vijiko viwili, sasa anakamulia ndimu. Povu mnaliona. Ngojeni litulie. Sasa anainamisha jagi juu ya mshumaa kama mtu anayemimina chai, lakini maji yamebaki ndani, na hakuna chochote mnachokiona kikimwagika.

(Hapo mshumaa ulizimika. Watoto waliokaa mbele walitaka irudiwe, ikarudiwa.)

Kule Italia, karibu na mji wa Napoli, kuna pango ambalo kwa karne nyingi wasafiri walilipa fedha ili walione. Liliitwa Pango la Mbwa. Kiongozi aliingia na mbwa. Yeye mwenyewe alisimama wima asiwe na neno, na mbwa akazirai mbele ya wageni, kwa sababu gesi ilikuwa imejaa chini tu, karibu na sakafu. Kisha mbwa alitolewa nje, na kama hakuchelewa alizinduka. Sisi tunaona ulikuwa mchezo wa kikatili. Lakini unaeleza jambo la shimo letu vizuri kuliko kitabu: katika gesi hii mtoto huanguka kabla ya mtu mzima, aliyelala kabla ya aliyesimama, na anayeinama kumwinua mwenzake ametia kichwa chake mle mle.

Shimo la mita nne liliua kuku mmoja. Mwaka 1986 watu wa Kameruni walikutana na gesi hiyo hiyo ikiwa imetoka katika shimo kubwa zaidi, nalo ni ziwa.

Ziwa Nyos liko kaskazini-magharibi ya nchi ile, milimani, katika tundu la volkeno ya zamani. Ni ziwa dogo, eneo lake kama kilometa moja na nusu za mraba, lakini kina chake ni mita 208. Chini yake gesi ya volkeno hupenya kidogo kidogo na kuyeyuka majini. Gesi huyeyuka zaidi maji yakigandamizwa, na kila mita 10 unazoshuka ziwani mgandamizo huongezeka kwa kiasi sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Kwa hiyo maji ya chini ni kama soda iliyofungwa, na kizibo chake ni maji ya juu. Katika nchi za baridi, majira ya baridi huyapooza maji ya juu, yakazama, ziwa likajikoroga lenyewe na gesi ikatoka kidogo kidogo. Katika nchi zetu joto halibadiliki sana, ziwa refu kwa kina halikorogeki mpaka chini, na gesi hujilimbikiza mwaka hadi mwaka.

Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 kizibo kilifunguka. Kilichokifungua wataalamu wanakibishania hadi leo: wengine wanasema ni mawe na udongo yaliyoporomoka, wengine mvua, wengine upepo. Kilichofuata hakibishaniwi. Maji ya chini yalianza kupanda, mgandamizo ukapungua, viputo vikatokea, viputo vikayafanya maji kuwa mepesi, yakapanda kwa kasi zaidi na kuvuta mengine nyuma yake. Gesi ikamwagika juu ya ukingo wa ziwa, ikateremka mabondeni gizani, ikifuata njia ile ile ambayo maji ya mvua yangeifuata, mpaka umbali wa kilometa 25 hivi. Vijiji vya Nyos, Kam, Cha na Subum vilikuwa njiani. Walikufa watu 1,746, na mifugo kama 3,500.

Nyumba zilibaki zimesimama na miti imesimama. Baadhi ya watu walizirai, wakazinduka baada ya saa nyingi wakiwa kati ya jamaa zao waliokwisha kufa. Waliosimulia walitaja harufu ya mayai viza au ya baruti, na wataalamu wanaeleza kwamba gesi hii ikiwa nyingi hudanganya pua ya mtu. Ziwa lenyewe, lililokuwa la buluu, liligeuka jekundu kama udongo wa matofali, kwa sababu chuma iliyokuwa imeyeyuka chini ilipanda, ikakutana na hewa, ikashika kutu.

Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 15 Agosti 1984, ziwa jingine la Kameruni, Monoun, lilikuwa limeua watu 37 kwa namna hiyo hiyo.

Walionusurika Nyos walihamishwa, maelfu yao, wakapelekwa kwenye makazi mapya mbali na mabonde yao. Ninyi mnaweza kuieleza sehemu hii kuliko sisi: nyumba zilizogawiwa kwa mstari, mashamba madogo, na swali lile linaloulizwa kila msimu wa kupanda, tutarudi lini? Tofauti ni kwamba wao walikimbia ziwa, na jibu la swali lao lilikuwa majini. Ziwa lilikuwa limetoa sehemu tu ya gesi yake na lilikuwa linajaza tena. Mpaka litolewe gesi, hakuna aliyeweza kuwaambia rudini.

Njia ya kuitoa ndiyo iliyotufanya sisi walimu tuache mambo ya redio na satelaiti. Wahandisi na wataalamu kutoka Ufaransa, Marekani, Japani na Kameruni yenyewe walilishughulikia jambo hili, na mmoja wao, Mfaransa Michel Halbwachs, alijulikana sana kwa kazi ya bomba. Baada ya majaribio ya miaka ya 1990, mwezi wa Januari 2001 walisimamisha katika Ziwa Nyos bomba la plastiki lenye urefu wa mita 203, upana wake sentimeta 14 na nusu tu, juu limeshikwa na jukwaa linaloelea, chini limefika karibu na sakafu ya ziwa. Kisha wakatumia pampu kuvuta maji ya chini yapande kidogo ndani ya bomba.

Sikilizeni vizuri, maana hapa vijana wa darasani hukataa kuamini. Maji yalipopanda kidogo, mgandamizo ulipungua, viputo vikatokea ndani ya bomba, maji yakawa mepesi kuliko yale yaliyo nje ya bomba, yakasukumwa juu. Wakazima pampu. Maji yaliendelea kupanda yenyewe, yakatoka juu ya ziwa kwa kishindo, yakaruka angani mita 50 hivi, ambacho ni kimo cha minazi miwili. Hakuna injini. Hakuna dizeli. Sisi tunaojua jinsi jenereta inavyosimama siku ile ile inapohitajika, tulilisoma jambo hili mara mbili. Nguvu iliyoua watu 1,746 ndiyo inayoendesha chombo cha kuiondoa, na bomba ni la upana ambao mtoto anaweza kulikumbatia kwa mikono yake miwili. Mwaka 2011 yaliongezwa mabomba mengine mawili. Ziwa likawa linapumua.

Sasa turudi nyumbani. Maziwa yanayojulikana kuwa na tabia hii duniani ni matatu, na yote yako Afrika: Monoun, Nyos, na la tatu ni Kivu.

Wengi wa tulio hapa tumenywa maji ya Kivu, au ya mto Ruzizi unaotoka humo na kuteremka mpaka Tanganyika. Tumeogelea humo, tumekula sambaza wake. Samaki huyu naye, kwa kupita tu, si mwenyeji: alichukuliwa Ziwa Tanganyika na kutiwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo dagaa anayeuzwa soko la Kigoma na sambaza wa Bukavu ni jamaa. Lakini samaki wote wa Kivu huishi katika maji ya juu tu. Chini hakuna oksijeni. Ziwa hili lina eneo la kama kilometa za mraba 2,400 na kina cha mita 485, na jambo la ajabu ni kwamba ukishuka sana maji hayazidi kuwa baridi, yanazidi kuwa ya uvuguvugu. Chemchemi za moto zilizo chini humwaga maji yenye chumvi nyingi, na kwa kuwa chumvi huyafanya kuwa mazito, hubaki chini ijapokuwa yana joto. Basi ziwa limepangika tabaka juu ya tabaka, wala hazichanganyiki.

Katika tabaka hizo za chini imeyeyuka kabonidayoksaidi ya kama kilometa za ujazo 300. Chukua boksi lenye urefu wa kilometa moja, upana wa kilometa moja na kimo cha kilometa moja, kisha uyapange maboksi 300 ya namna hiyo. Pamoja nayo kuna methani, kama kilometa za ujazo 60, iliyotengenezwa na vijidudu vya chini ya ziwa. Methani ni gesi inayowaka. Kiwanda cha bia cha Gisenyi kilianza kuitumia kuchemshia tangu mwaka 1963. Tangu mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt, upande wa Karongi nchini Rwanda, unaitumia kuzalisha umeme, kama megawati 25. Jukwaa linaelea ziwani, bomba limeshuka kama mita 350, maji yanapanda yenyewe kama yale ya Nyos. Juu gesi hutenganishwa na maji, methani husafishwa na kupelekwa nchi kavu, na maji yaliyobaki hurudishwa chini. Hapo kwenye kurudisha ndipo penye kazi. Ukiyarudisha kwenye tabaka isiyo yake unaanza kuzikoroga tabaka, na tabaka ndizo kizibo. Kwa hiyo wahandisi na wataalamu wa maziwa wamebishana sana kuhusu kina cha kuyarudishia, na sisi tunafurahi kwamba wamebishana.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena. Siku tano baadaye wakuu waliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe, kwa kuwa ilionekana kwamba uji wa moto umesogea chini ya ardhi kuelekea ziwani. Watu mamia ya maelfu walitoka. Wengi walishika njia ya Sake, barabara inayopita kwenye nchi ya mazuku. Usiku ule simu zililia hapa kambini. Ndugu zetu walikuwa wakiuliza, ninyi wenye walimu huko, ziwa litalipuka? Nasi tulijibu vibaya. Mmoja wetu alisema haliwezi, mwingine akasema linaweza usiku huo huo. Yule aliyepiga simu alikuwa na watoto wanne barabarani.

Tungejibu hivi. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma na kuingia ziwani, ikashuka mpaka kina cha kama mita 100. Hazina kubwa ya gesi iko chini sana ya hapo, na tabaka hazikufunguka. Pia gesi ya Kivu, hata katika kina ilikojaa zaidi, imefika kama nusu tu ya kiasi ambacho maji yangeshindwa kukishika. Nyos kulikuwa kumekaribia kujaa, Kivu bado. Linahitaji msukosuko mkubwa zaidi, unaotoka chini kabisa. Kwa hiyo hofu ya mwaka 2021 haikuwa ya upuuzi, na waliohama hawakudanganywa, lakini anayelala Goma leo halali juu ya chupa iliyokwisha kufunguliwa. Jibu kama hilo lingemsaidia yule mama mwenye watoto wanne kuamua apite njia gani na apumzike wapi, yaani asilale bondeni.

Sasa tumalizie na mashimo yetu.

Tulisema tulifanya kosa na kibatari. Katika shimo lenye uchafu unaooza kunaweza kuwa na methani pia, na mwali ukikutana nayo huweza kulipuka usoni pa aliyeinama. Kibatari au mshumaa ni kwa kisima kikavu, kisichotupwa takataka, nao ushushwe kwa waya mrefu na mtu asimame mbali na mdomo wa kisima. Ukizimika, hakuna kushuka. Usipozimika bado si hati ya usalama, maana zipo gesi zinazoua bila kuzima moto. Choo kilichokwisha kutumika hakishukwi kabisa, hata kwa simu iliyotumbukia, hata kwa fedha. Kuna gesi humo inayonuka yai viza, na ikizidi pua huacha kuinusa, mtu akadhani imekwisha.

Wachimbaji wa visima watatusamehe kwa kuingilia kazi yao, lakini tumeona motopampu ikishushwa ndani ya kisima ili iwe karibu na maji. Moshi wa injini una kabonimonoksaidi, ambayo ni ndugu mbaya zaidi wa gesi tunayoizungumza. Hii haingojei bonde. Ndiyo hiyo hiyo ya jiko la makaa lililoingizwa ndani ya nyumba iliyofungwa usiku wa baridi. Waingereza katika migodi yao ya makaa ya mawe waliitambua kwa ndege mdogo aitwaye kanari, aliyeanguka kabla ya mtu, na walimtumia mpaka mwaka 1986 walipotangaza kumbadilisha kwa vyombo vya kupimia. Sisi vyombo hatuna. Tulikuwa na kuku mmoja, naye alikufa bila kuajiriwa.

Mwaka huo huo wa 1986, taasisi ya Marekani ya usalama kazini iitwayo NIOSH ilitoa onyo ambalo tungependa kila kiongozi wa kijiji alikariri: katika vifo vya ndani ya matangi, mashimo na sehemu nyingine zilizofungika, zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa walikuwa watu walioingia kuokoa. Mmoja alianguka kwanza, wa pili alimfuata, wa tatu akamfuata wa pili. Yule kijana wetu ana kaka wawili na baba. Wote walikuwa pale, na wote wanampenda. Tuliwauliza baadaye, na kila mmoja alisema angeshuka.

Kwa hiyo atakayelazimika kushuka kisimani afungwe kamba kifuani na kwapani kabla ya kushuka, kamba ishikwe na watu wawili walio juu, na wawe wakizungumza naye bila kunyamaza. Akinyamaza avutwe. Asiyefungwa kamba asishuke, hata kama aliye chini ni mtoto wake. Tunajua tunasema neno gumu.

Mwisho, Ndugu Mwenyekiti, tuna maombi. Wanafunzi wa darasa la saba watapita kila kijiji wakiwa na daftari, kuandika mashimo yote yaliyoachwa wazi, kina chake na nyumba iliyo karibu. Tunawaomba viongozi wa vijiji wawapokee na wasiwafukuze kama walivyofukuzwa walioandika habari za mbuzi. Mashimo yanayofukika yafukiwe kabla ya masika. Yasiyofukika yafunikwe kwa miti, na kwa kuwa tumekatazwa kukata miti ovyo, tunawaomba wageni wetu wa mashirika watuonyeshe miti hiyo itatoka wapi.

Shimo la kuku lilifukiwa siku ile ile. Kijana alilifukia mwenyewe, mzee akiwa amekaa juu ya dumu lake akimsimamia mpaka jioni. Dumu lile lilikuwa limepasuka alipolitupa. Mpaka leo hajapewa jingine, na hilo nalo tunaliweka mbele ya Kamati.